Kozi wa Wajapani na Safari Yake ya Miaka Saba

Ndugu msomaji, lau ungeambiwa kwamba kuna chombo cha kilo 510 kilichosukumwa angani, mwaka baada ya mwaka, kwa nguvu isiyotosha kuinua sarafu ya shilingi, bila shaka ungedhani unafanyiwa masihara. Na khabari hii ni ya kweli.

Chombo hicho Wajapani walikiita Hayabusa, yaani kozi, yule ndege wa kuwinda. Kilirushwa kwa roketi kutoka Uchinoura, kusini mwa Japani, tarehe 9 Mei 2003. Kilitumwa kwenda kuchota mchanga wa Itokawa, jabali la urefu wa kama mita 500 linalolizunguka jua, na kuurejesha duniani. Jambo hilo hakuna aliyepata kulifanya kabla yao.

Ama roketi tuzijuazo, hizo huchoma mafuta mengi kwa dakika chache, zikanguruma, zikanyamaza. Injini za umeme si hivyo. Ndani yake mna gesi iitwayo zenoni, ambayo haiwaki moto. Umeme utokanao na mwanga wa jua huzivua chembe za gesi ile elektroni zake, kisha nyavu zenye umeme mkali huzifyatua kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa sekunde. Chembe zikitoka nyuma, chombo husogea mbele. Msukumo wa injini moja ya Hayabusa haukufikia uzito wa gramu moja. Lakini kule hakuna maji ya kukwaruza wala upepo wa kuzuia, na msukumo mdogo usiokatika kwa miezi hujikusanya ukawa mwendo mkubwa. Nahodha yeyote wa pwani hii atakwambia kuwa kaskazi ndogo isiyolala ni bora kuliko dhoruba ya saa moja.

Ubavuni mwa kila injini mna kifaa kidogo kinachotoa elektroni, ili zile chembe zilizofyatuliwa zirudishiwe zilichovuliwa. Kisipofanya kazi, chombo hujaa umeme, na chembe huvutwa zirudi, na injini haifai kitu. Kiweke akilini kifaa hiki.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Wamarekani waliijaribu injini ya namna hii angani mwaka 1964, ikafanya kazi kama nusu saa, na mwaka 1998 wakatuma chombo chao Deep Space 1 kikasafiri mbali kwayo. Ila masaibu yaliyomfika kozi hayakuwafika wao.

Mwaka 2005 magurudumu mawili kati ya matatu ya kukielekeza chombo yalikufa. Mwezi wa Novemba kilitua Itokawa mara mbili, na risasi iliyokusudiwa kutifua mchanga yaonekana haikutoka. Baada ya kutua mara ya pili mafuta ya injini zake nyingine, zile za kukigeuza, yakavuja, kikapinduka na kuzunguka ovyo, na mwezi wa Disemba sauti yake ikapotea. Waliokituma walikaa wiki saba wakikiita kila siku, hali wakijua kuwa ipo siku mbawa zake zitalielekea jua tena. Tarehe 23 Januari 2006 kikaitika. Mwanzoni hakikuweza kusema ila ndiyo au siyo, na kila swali lilichukua zaidi ya robo saa kukifikia. Wakakielekeza kwa kupuliza ile zenoni kidogo kidogo, na baadaye kwa msukumo wa mwanga wa jua wenyewe. Kurudi kukaakhirishwa kutoka 2007 hadi 2010.

Kisha, tarehe 4 Novemba 2009, injini nayo ikasimama. Zilikuwa nne. Moja ilikuwa imewekwa kando tangu mwanzo wa safari, nyingine vifaa vyao vya elektroni vilichakaa, na ya mwisho ilikuwa ikionyesha dalili mbaya. Hapo msomaji atasema, basi, kazi imekwisha. Lakini mhandisi Hitoshi Kuninaka na wenziwe walikuwa wametia, kabla ya kurushwa, kiungo kidogo cha umeme cha kuoanisha injini moja na nyingine, kwa ihtiyati tu. Wakachukua kifaa cha elektroni cha injini A, ambacho hakikutumika sana, wakakiozesha na injini B ambayo chake kilikuwa kibovu. Viwete wawili wakafanya mzima mmoja, na msukumo ukarudi.

Wako walioita jambo hili bahati. Mimi sikubaliani nao. Bahati haiungi nyaya miaka sita kabla ya haja. Na kiungo kile kingeweza kuachwa bila ya mtu kulaumiwa, kwani uzito ni adui wa kila chombo cha angani, na kila gramu huulizwa sababu yake.

Usiku wa tarehe 13 Juni 2010 kozi alifika. Akaliachia kasha lake la upana wa kama sentimita 40, likashuka kwa mwavuli katika jangwa la Woomera, Australia. Yeye mwenyewe hakuwa tena na injini ya kumkwepesha. Watu wake wakamgeuza aipige dunia picha ya mwisho, kisha akaungua angani. Ndani ya kasha zilikutwa punje kama 1,500 za Itokawa, nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita, na kwa hizo wataalamu wakathibitisha kuwa aina ya vimondo vinavyoanguka sana duniani hutoka kwenye majabali ya jinsi ile.