Difu inayovuja: Sili mpya pekee haitoshi kwa basi kuukuu

Doa jeusi la mafuta chini ya ekseli ya nyuma ya basi lililolala kwenye steji ya Thika au Ruiru ni jambo ambalo wahudumu wengi hulipuuza. Mafuta huongezwa, safari ikaendelea. Wengine hubadilisha sili mara moja, nayo huvuja tena kabla ya mwezi kuisha, kwa kuwa kilichoiharibu ile ya kwanza hakikuchunguzwa.

Difu ni sanduku la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Hupokea mzunguko unaoletwa na propela shafti, ikaugeuza kuelekea magurudumu na kuyawezesha kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Gia zake kuu mbili, pinioni ndogo na kraunweli kubwa, husuguana kwa shinikizo kubwa mno hivi kwamba zikikosa mafuta mazito huungua na kumomonyoka meno. Pale pinioni inapotokeza nje ndipo hukaa oili sili, ambayo ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaobanwa na springi.

Mpira huo hukauka kwa joto na umri. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, hivyo basi lililochakaa katika barabara ya Thika aghalabu limechakalia humu humu nchini. Barabara kuu hiyo, iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, ni laini. Lakini abiria wengi huishi kando yake, na basi linaloingia mitaani hukutana na matuta na vumbi linalokwaruza mdomo wa sili.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, fundi makini hutazama tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka. Tundu likizibwa na matope, hewa hiyo husukuma mafuta nje kupitia sili, hata ikiwa mpya. Kulizibua hakugharimu chochote, na inashangaza ni mara ngapi jambo hili husahaulika.

Kisha basi huegeshwa mahali tambarare, magurudumu huwekewa vizuizi na mafuta humwagwa ndani ya chombo, si ardhini, kwani mvua huyapeleka katika mito kama Chania na Ruiru. Mafuta yenyewe hutoa ushahidi. Unga laini wa chuma kwenye kizibo chenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, ilhali vipande vinavyoshikika kwa vidole huashiria kwamba gia au beringi inavunjika.

Propela shafti hutiwa alama kabla ya kufunguliwa ili irudi ilivyokuwa. Hapo ndipo penye kipimo kikubwa cha kazi yote: flanji ya pinioni hushikwa kwa mikono na kutikiswa juu na chini. Ikicheza, beringi zimelegea, na kuweka sili mpya ni kutupa pesa, kwa sababu pinioni inayoyumba itaula mpira huo upesi. Tatizo hilo huhitaji difu ishushwe na kupimwa upya, gharama ambayo wamiliki wengi hujaribu kuikwepa.

Ikiwa haichezi, nati kuu nayo hutiwa alama, hufunguliwa, na flanji huvutwa kwa kifaa maalumu badala ya kugongwa nyundo. Sehemu yake inayoguswa na sili hupapaswa kwa ukucha. Palipochimbika mfereji, flanji hubadilishwa au huvikwa bushi jembamba la chuma.

Sili nyingi huwa na vipimo vitatu vilivyochapishwa juu yake kwa milimita: upana wa ndani, upana wa nje na unene. Mnunuzi anayekwenda Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta vipuri ni heri abebe ile ya zamani mkononi kuliko kutaja jina la gari tu. Sili mpya hupakwa grisi mdomoni, upande wenye springi ukielekea ndani, kisha hugongwa polepole kwa bomba la upana unaolingana nayo ili isikae upande.

Nati kuu ndiyo huwaponza mafundi wenye haraka. Ikikazwa kupita kiasi, beringi hubanwa, hupata joto na kuharibika. Ikilegea, pinioni huyumba. Hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, au angalau irejeshwe kwenye alama yake, kisha ifungwe isizunguke. Mafuta mapya hujazwa hadi yafike ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Uvujaji ukitokea kwenye gurudumu badala ya katikati, basi halifai kabisa kubeba abiria. Sili za huko zikikatika, mafuta huingia kwenye breki, na dereva anayefunga breki kwa ghafla huliona gari likivutwa upande mmoja au likikataa kusimama. Pedi za breki zilizolowa hubadilishwa. Kuzifuta kwa petroli hakuondoi mafuta yaliyokwisha kupenya.

Baada ya kazi, basi huendeshwa bila abiria, mathalani kutoka Thika hadi Ruiru, umbali wa takriban kilomita 20, kisha difu huguswa kwa uangalifu. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa moto kiasi cha mkono kushindwa kutulia juu yake, basi hurudishwa gereji siku hiyo hiyo.