Rafiki Aliyekuwa Mateka

Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, kwenye mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa. Ikatokea meli ya Waingereza, Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaishambulia kwa mzinga. Kapteni Berndt wa Wissmann alimjua Rhoades vizuri. Walizoea kunywa pamoja. Akaingia kwenye mashua ndogo, akaenda kumfokea rafiki yake. Habari za vita vya Ulaya zilikuwa hazijamfikia. Siku hiyo akawa mateka.

Nikitaka kumweleza mtu tofauti ya sifa na dhima katika programu, humpeleka Liuli kwanza. Jina la Berndt, umri wake, urefu wake: hizo ni sifa, anazibeba mwenyewe. Sifa huweza kubadilika. Liuli yenyewe ilikuwa wilaya ya Mbinga, na mwaka 2012 Nyasa ilipomegwa ikawa wilaya nyingine bila kusogea hata hatua moja. Dhima ni jambo la watu wawili au zaidi. Hakuna mateka pasipo aliyemteka, wala rafiki pasipo mwenzake. Dhima huvaliwa, huvuliwa, na mtu mmoja huweza kuvaa kadhaa kwa pamoja.

Wanorwe Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliobuni lugha ya Simula mjini Oslo miaka ya 1960, ndio waliotuachia klasi, objekti na kurithi. Klasi ya Mgonjwa hurithi klasi ya Mtu: inachukua jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha inaongeza ya kwake. Ni mpango mzuri, mpaka muuguzi augue. Katika lugha kama Java, objekti huzaliwa na klasi yake na hufa nayo. Aliyeundwa kama Muuguzi hawezi kugeuka Mgonjwa, basi programu iliyoandikwa hivyo humuunda mtu wa pili. Sasa ana majalada mawili. Dawa inayomdhuru imeandikwa katika moja, na daktari amefungua lile jingine.

Waandishi wa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, walipita njia hiyo. Katika matoleo ya mwanzo, klasi ya mtumiaji wa mfumo ilirithi klasi ya mtu. Baadaye wakazitenganisha. Siku hizi akaunti ya mtumiaji huelekeza kwa mtu fulani, na hupewa dhima zinazoamua anachoruhusiwa kuona au kuandika. Akihamishwa kazi, dhima huondolewa. Mtu hubaki, pamoja na sifa zake.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Mvuvi anatokana na kuvua, mkulima anatokana na kulima: jina linataja tendo. Kule Mbamba Bay mtu mmoja huweza kuvua usiku, kulima muhogo mchana, na Jumapili akawa mzee wa kanisa. Ukimtengenezea klasi tatu, umempasua vipande vitatu. Kwa hiyo, kabla sijaandika klasi yoyote ya watu, najiuliza swali moja: akiacha kufanya hili kesho, je, nitalazimika kumfuta?