Aliyeshika Kamera Alitaka Nini?

Mwaka 1853 Charles Thurston Thompson alipiga picha ya kioo cha kujitazamia kilichotoka Venice, chenye fremu ya nakshi. Ndani ya kioo anaonekana yeye mwenyewe, kasimama na kamera yake. Sijaona picha ya zama hizo inayokiri waziwazi namna hiyo kwamba mbele ya kila kazi ya sanaa yupo mpigapicha, na ana haja yake.

Haja ya London, alikofanya kazi Thompson, ilikuwa ufundi na biashara. Ripoti za majaji wa Maonyesho Makubwa ya 1851 zilitolewa pamoja na picha halisi, na baadaye Thompson akawa mpigapicha wa makumbusho ya South Kensington. Picha zilikusudiwa kuwafunza wabunifu na mafundi wa Uingereza. Sanamu zilipigika vizuri. Michoro ya rangi ilisumbua, kwa kuwa dawa ya wakati ule iligeuza buluu kuwa nyeupe na nyekundu kuwa nyeusi.

Japani ilisukumwa na hofu ya kupoteza. Baada ya mageuzi ya Meiji ya 1868, mahekalu mengi ya Kibudha yalivunjwa na mali zake kutawanyika. Mwaka 1871 serikali iliamuru vitu vya kale vihifadhiwe; mwaka uliofuata maofisa walikwenda Kyoto na Nara kukagua hazina, wakifuatana na mpigapicha Yokoyama Matsusaburō. Hata Shōsōin, ghala la mbao la karne ya 8, lilifunguliwa. Kila bamba la kioo lilipakwa dawa, likapigiwa picha na kusafishwa kabla halijakauka, hapohapo. Ni kweli serikali ilikuwa pia ikijiandaa kwa maonyesho ya Vienna ya 1873. Hata hivyo nazithamini picha hizi kuliko za London: zilipigwa na wenye mali, kuthibitisha kwamba mali bado ipo.

Katika ufalme wa Benin, 1897, kamera ilikuwa mikononi mwa wavamizi. Reginald Granville aliwapiga picha Waingereza wenzake katika ua wa kasri lililoungua, vitu vya shaba vimetapakaa miguuni pao. Mwaka huohuo Jonathan Adagogo Green, mpigapicha wa Bonny, alimpiga picha Oba Ovonramwen, mfalme wa Benin, akiwa mfungwa melini, njiani kuelekea uhamishoni Calabar. Kila makumbusho yanayoonyesha shaba za Benin yangepaswa kuzitundika picha hizi mbili ubavu kwa ubavu: mali katika moja, mwenye mali katika nyingine.