Nyumba zetu za Niemba: toka majani hata manjanja

Msafiri anayepita Niemba kwa njia ya reli ya Kabalo na Kalemie aona paa za namna mbili: za majani na za mabati, ndiyo manjanja ya watu wetu. Wengi husema majani ni ujinga, manjanja ni maendeleo. Historia haisemi hivyo.

Nyumba ya wazee ilikuwa na ukuta wa miti na udongo, na paa nene la majani lililoshuka hata kufunika barza. Majani hushika hewa katikati yao, kwa hiyo joto la jua halipiti upesi. Mapadri Weupe, waliopewa Mpala mwaka 1885 na kuanza Kirungu mwaka 1893, walijenga kwa matofali, lakini kivuli cha barza hawakukiacha. Halafu, mwaka 1915, reli ilifika Ziwa Tanganyika, na mizigo mizito ikapata njia.

Nani atamcheka aliyechagua bati? Majani yataka kubadilishwa mara kwa mara, na mchwa hawalali. Tena kuna vita. Niemba iliiona mwaka 1960. Mwaka 2016 na 2017 ugomvi wa Waluba na Watwa uliteketeza vijiji vingi vya Tanganyika. Mtu aliyekimbia paa linalowaka hataki majani tena. Mimi simlaumu.

Shida ni hii: tulichukua bati, tukaacha kivuli. Niemba iko karibu na digrii 6 kusini ya Ekweta. Mwezi wa tatu na wa kumi jua la adhuhuri hupita juu ya kichwa kabisa. Kwa hiyo paa hupigwa kuliko ukuta, na bati, hasa lenye kutu, hurudisha joto hilo juu ya mtoto mchanga na mgonjwa walio chini yake. Walimu wajua darasa la saa saba linavyosinzia.

Hakuna haja ya kubomoa. Kwanza dari: mikeka ya matete ifungwe chini ya boriti, nafasi ya mkono mmoja ibaki kati yake na bati, na matundu yaachwe pande mbili juu ili hewa ya moto itoke. Wavu uzuie popo. Kisha bati lipakwe chokaa nyeupe kila kiangazi, maana mvua huiosha. Upande wa magharibi, barza au mti. Madirisha yafungwe mchana, yafunguliwe jioni. Moto wa kupika ubaki katika jiko la nje, kama kwa wazee, kwa sababu matete nayo huwaka.