Fundi cherehani aliyeujua ugonjwa wa ukoo wake (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Kigamboni, tuendelee. Mlioniuliza kama saratani ya njia ya haja kubwa inarithiwa: mara nyingine ndiyo, na tumelijua hilo kupitia fundi cherehani mmoja wa Michigan, Marekani. Mwaka 1895 alimwambia Dk. Aldred Warthin kwamba atakufa mapema kwa saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, maana ndugu zake wengi walikufa hivyo. Kweli, ikamuua ya mji wa mimba. Warthin hakumpuuza, aliuandika ukoo mzima akauchapisha 1913.

Miaka ya 1960 Dk. Henry Lynch akafuatilia koo za namna hiyo. Jeni zenyewe zikaanza kupatikana 1993. Kazi yake ni kusahihisha makosa seli inapojigawa. Zikiharibika, makosa yanarundikana. (Huku kwetu tungesema ukoo umerogwa, na wapo wanaosema mpaka leo.)

Sasa sikia. Makosa hayohayo yanaifanya saratani itambulike na kinga ya mwili. Mwaka 2022 huko New York, wagonjwa 12 wa kwanza kumaliza dozi ya dostarlimab, dawa inayoiachia kinga ipigane, uvimbe uliwatoweka wote, bila kisu wala mionzi. Ila ni kwa wachache wenye aina hiyo tu, na bei yake haishikiki.

Historia ya ukoo ni bure. Ukiona damu chooni usijipe jibu la bawasiri. Nenda zahanati, na kabla hujavuka na pantoni kwenda Ocean Road kwa rufaa, muulize bibi: nani aliumwa nini, akiwa na miaka mingapi?