Emfiteusi: Ukipewa Ardhi, Panda

Warumi hawakukosa maneno ya sheria. Sisi wengine wote tumeazima kwao. Lakini mkataba wa kumwachia mtu shamba kwa miaka mingi mno, hata akalirithisha wanawe, waliuita kwa jina la Kigiriki: emphyteusis. Ndani yake mna phyton, yaani mmea, na kitenzi chenye maana ya kupanda kitu ardhini. Sharti la mkataba limo katika jina.

Kusini mwa Italia, karibu na mji wa Wagiriki wa Heraclea, vilipatikana vibao vya shaba vyenye masharti ya kukodisha mashamba ya mungu Dionysus. Aliyekodi alitakiwa kupanda mizabibu na mizeituni, na asipopanda alitozwa faini. Sasa, mzeituni hauzai msimu mmoja. Nani atahangaika nao katika shamba atakalonyang'anywa mwakani? Ndiyo maana muda ulikuwa mrefu.

Warumi wakabishana: haya ni mauzo au ni upangishaji? Kaisari Zeno, katika karne ya 5, akakata shauri kwamba si hiki wala kile, ni mkataba wa aina yake. Baadaye Kaisari Justinian akayakaza masharti. Asiyelipa kodi miaka 3 hupoteza shamba. Akitaka kuuza haki yake, mwenye ardhi hupewa miezi 2 ya kuamua kama atanunua yeye. Asiponunua, hupata asilimia 2 ya bei.

Neno hilo, kwa umbo lake la Kifaransa, limo katika sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973: dola humpa mtu ardhi isiyolimwa kwa miaka isiyozidi 25, muda unaoweza kuongezwa, naye huiendeleza na kuilipia kodi.

Kwa Kiswahili wengi wangesema "upangishaji wa muda mrefu". Hautoshi: hata ghorofa hupangishwa miaka mingi, na mpangaji hadaiwi hata mchicha. "Upandaji" nao utamfanya msomaji afikirie mlima au daladala. Mwanasheria na abaki na emfiteusi. Kwa mkulima, ningesema "ukodishaji wa kuendeleza ardhi".

Ukikutana na neno hilo kwenye hati, usiishie kwenye kiasi cha kodi. Tafuta kifungu kinachosema ardhi hiyo unatakiwa kuifanyia nini, kabla hujatia saini.