Maji ya Nyama Yaliyowapanga Wafugaji wa Denmark

Bakteria wa salmonella walijulikana kwa kosa. Mwaka 1885, Theobald Smith, aliyekuwa akifanya kazi Marekani chini ya daktari wa mifugo Daniel Salmon, aliwakuta ndani ya nguruwe wagonjwa, na wawili hao wakadhani wamepata chanzo cha homa ya nguruwe. Kumbe homa ile (si hii ya Afrika inayotumalizia mabanda) huletwa na kirusi. Lakini jina la mkubwa wake Smith limebaki kwa bakteria hadi leo.

Taabu ya bakteria hawa ni kwamba nguruwe hubeba salmonella huku akila na kunenepa kama kawaida. Mwaka 1993 watu wengi waliugua Denmark kwa kula nyama ya nguruwe, na mwaka 1995 nchi nzima ikaanza mpango wa udhibiti. Machinjioni hukatwa kipande kidogo cha nyama, kikagandishwa, kisha kikaachwa kiyeyuke. Maji yanayochuruzika ndiyo hupimwa kingamwili. Kwa majibu hayo kila kundi likapangiwa ngazi ya 1, 2 au 3. Wafugaji wa ngazi ya 2 na 3 walikatwa sehemu ya malipo, na nguruwe wa ngazi ya 3 walichinjwa peke yao kwa uangalizi mkali.

Mwaka 1993 wagonjwa waliotokana na nyama hiyo walikadiriwa kuwa zaidi ya 1,100. Mwaka 2000 walikuwa 166. Hongera ya kushuka huko nisingempa mfugaji peke yake. Kingamwili huonyesha kwamba nguruwe aliwahi kukutana na bakteria, si kwamba anao leo. Tena aliyetoka nyumbani salama anaweza kuambukizwa ndani ya lori, au zizini akisubiri kisu.

Bandani nako kulikuwa na mshangao. Chakula cha peleti, kinachopikwa kwa mvuke na kuonekana safi, kilienda na maambukizi mengi kuliko nafaka iliyoparazwa tu. Nafaka hiyo hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na asidi hupata nafasi ya kufanya kazi.

Uingereza ilianza mpango wake mwaka 2002, nayo ikapima maji ya nyama, ikilenga kupunguza maambukizi kwa robo ndani ya miaka mitatu. Lengo halikufikiwa, na mwaka 2012 vipimo hivyo vya machinjioni vikasitishwa.